Kwa makaratasi nina 49, kwa mama yangu nina 53: umri upi utaamua disabiliti yangu?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo dada mshauri. Natoa shikamoo bila kujua nani mkubwa kati yetu, unisamehe kama nimekosea, utaona huko chini kwamba umri wangu mwenyewe ndo umenileta kwako.

Mimi ni mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Vita ya 1996 ilitukuta tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka 17, watoto wangu wanne kati ya watano wamezaliwa pale. Mwaka 2013 tukaletwa Marekani. 2014 nikaanza kiwanda cha nyama, niko kwenye laini nashika kisu, unakata bega la nguruwe moja, linakuja lingine, saa kumi kwa siku, siku sita kukiwa na oda nyingi. Sijawahi kulalamika maana kazi ile ndo ililipa nyumba, ikasomesha watoto, ikatuma hela kambini kwa mama ambaye bado yuko kule mpaka leo.

2022 mgongo ukaanza, nikadhani uchovu. 2023 mguu wa kushoto ukafa ganzi nikaanguka bafuni, wakanifanyia operesheni ya mgongo, na mwezi wa tisa mwaka huo huo ndo mwisho wangu wa kazi. Bega la kulia nalo halipandi tena juu. Daktari wangu ameandika nisibebe zaidi ya paundi 10 na nisisimame muda mrefu. Kukaa nako ni shida, dakika ishirini nainuka natembea tembea sebuleni kama mtu anayesubiri simu.

Niliomba disabiliti, ile hela ya serikali kwa mtu ambaye mwili umeshindwa kazi, mwezi wa pili 2025. Wakakataa. Nikaomba waangalie tena, wakakataa tena, barua ya pili imefika wiki tatu zilizopita. Binti yangu akanisomea. Imeandikwa wameangalia umri wangu, elimu yangu na kazi niliyofanya, wameona kazi ya kiwandani siwezi tena lakini kuna kazi nyingine nyepesi naweza. Umri wameandika miaka 49.

Sasa dada hapo ndo pananiuma. Mimi sina miaka 49. Tulipofika Kigoma mwaka ule karani aliniangalia tu usoni. Nilikuwa nimekonda, sina ndevu, na baba mdogo ndo alikuwa anajibu kwa niaba ya familia nzima, mwaka wangu hakuujua, karani akaandika 1977, tarehe 1 mwezi wa 1. Mstari wetu wote siku ile tulizaliwa tarehe 1 mwezi wa 1. Mama yangu anasema alikuwa na mimba yangu pale wakimbizi wa Burundi walipokuwa wanamiminika kuja kwetu mwaka 1972, na nikazaliwa mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo, mvua zimeshaanza. Mdogo wangu anayenifuata alizaliwa 1974, mama alikuwa anamnyonyesha redio ikitangaza ngumi za Muhammad Ali kule Kinshasa. Yeye makaratasi yake yako sawa. Kwa hiyo kwa serikali mdogo wangu ni kaka yangu. Kanisani hapa kuna watu wanamwamkia yeye kwanza.

Binamu yangu aliyebaki Fizi amekwenda parokiani, amekuta daftari la ubatizo la 1973 jina langu lipo na tarehe ya kuzaliwa ipo, akapiga picha akanitumia. Nililia dada. Sikujua kama kuna sehemu duniani nimeandikwa vile nilivyo.

Huku watu wanasema ukifika 50 disabiliti inakuwa rahisi, ukifika 55 ndo kabisa. Kwa hiyo mimi nanyimwa haki kwa sababu ya kalamu ya karani wa mwaka 1996. Lakini kwenye intavyuu ya kuja Marekani nilitaka kusahihisha wenzangu wakanizuia, wakasema ukigusa hata herufi moja kesi inarudi chini kabisa, nikaapa kwa ile tarehe ya 1977. Nina grini kadi, yaani kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, uraia bado sijaomba kwa sababu ya Kiingereza. Mke wangu anasema niache kabisa, tutafukuzwa na watoto, na juzi akaniambia neno ambalo sijalisahau, "unataka kuzeeka haraka ili ulipwe." Yeye anasafisha maofisi usiku, anarudi saa kumi na mbili asubuhi, namuelewa. Shemeji yangu anasema nibadilishe. Mzee mmoja wa kanisa anasema nisifanye chochote nisubiri tu 2027 nifike 50 ya makaratasi, niombe upya. Na kuna jamaa wa jumuiya yetu anasema kwa dola 800 ataniletea cheti cha kuzaliwa kutoka Kongo, kipya, tarehe yoyote ninayotaka.

Kingine kinachonisumbua, kambini nilisaidia kufundisha watoto wadogo miaka kadhaa, na hapa kwenye fomu niliandika, shemeji anasema hapo ndo nimejiharibia maana wataniambia nenda kafundishe.

Nisubiri? Niseme ukweli? Na nikisema ukweli leo si nitakuwa nimekiri kwamba niliapa uongo?

Baba wa watano, Marekani

JIBU

Shikamoo na wewe kaka yangu, maana kwa hesabu ya mama yako mkubwa ni wewe.

Pole sana. Pole ya mgongo, pole ya bega, na pole kubwa zaidi ya lile neno la mkeo, nitalirudia baadae. Nimekaa miaka mingi kama mkalimani kwenye ofisi za namna hiyo na mahospitali, hizi Januari mosi nimezitafsiri mpaka nikachoka kuhesabu, kwa hiyo jua kwamba hauko peke yako na wala hakuna ofisa wa Marekani anayeshughulika na wakimbizi ambaye hajawahi kuziona.

Kabla sijaingia kwenye umri naomba unisikilize hili kwanza. Barua imefika wiki tatu zilizopita. Una siku 60 za kuomba kusikilizwa mbele ya jaji, na wanaongeza 5 za posta. Yule mzee wa kanisa ana nia njema lakini kukaa tu mpaka 2027 halafu uombe upya ni kitu tofauti kabisa na kuendelea na rufaa huku siku zinasogea, na tofauti hiyo inaweza kuwa ya hela nyingi sana. Ukiacha siku 60 zikapita bila sababu nzito, ombi lako la 2025 linakufa, na malimbikizo ya miezi yote ile yanaweza kufa nalo. Fomu ya kuomba jaji haikulazimishi uamue lolote kuhusu 1972. Hiyo inaweza kwenda wiki hii, na suala la umri ukabaki nalo mkononi unalifikiria taratibu.

Sasa nikirudia nilivyokuelewa. Unaona kwamba mwili wako umeshindwa kazi, serikali inakubali kazi ya zamani huiwezi, lakini inakuhesabu kijana wa 49 na kwa hiyo inakwambia tafuta nyingine, na wewe unajua wewe ni mtu wa 53, na unaamini kwamba kama wangeandika 53 ungekuwa umeshapewa. Hapo kwenye "ungekuwa umeshapewa" ndo nataka tukae kidogo, maana sina uhakika kaka yangu. Umri kwenye disabiliti ya Marekani una nguvu kweli lakini hautembei peke yake, unatembea na paundi.

Nikueleze. Hii disabiliti ya watu waliofanya kazi wakakatwa kodi, SSDI, ilipoanza 1956 wakati wa Rais Eisenhower ilikuwa ya watu wa miaka 50 mpaka 64 peke yao. Chini ya 50 hata ungekatika miguu hukuwa na cheki. 1960 wakaondoa hicho kizuizi, lakini ile fikra kwamba mtu wa 50 kubadilisha kazi ni mlima imebaki, na 1967 sheria ikasema wazi kwamba wataangalia umri, elimu na kazi ulizofanya. 1979 wakaanza kutumia jedwali linalounganisha hayo matatu na uwezo wa mwili, halafu linatoa jibu. Ndani ya jedwali chini ya 50 ni kijana, 50 mpaka 54 ni mtu anayekaribia umri mkubwa, 55 kwenda juu ni mtu wa umri mkubwa. Hizo 50 na 55 ulizozisikia ni za kweli na bado ndo zinazotumika, ingawa 2025 zilisambaa habari kwamba serikali inafikiria kuzibadilisha na najua watu wengi waliingia hofu.

Lakini kabla ya kufika kwenye jedwali wanajiuliza, huyu mwili wake umebakiza uwezo wa kazi gani? Kazi ya kukaa, yaani mwisho paundi 10. Kazi nyepesi, mwisho paundi 20, na ndani yake mara nyingi kuna kusimama sehemu kubwa ya siku. Kazi ya kati, paundi 50. Ukiwa 50 na wamekuona umebakiza kazi ya kukaa tu, na kazi zako za nyuma hazijakupa ujuzi wa kuhamia ofisini, jedwali linakubali. Ukiwa 50 hiyo hiyo lakini wamekuona unaweza kazi nyepesi, na wewe unajua kusoma na kuandika, jedwali linakataa. Kwa kazi nyepesi mlango wa kawaida ni 55.

Barua yako imesema nini? "Kazi nyingine nyepesi." Sasa inabidi tujue kama hiyo nyepesi ni neno la kawaida tu au ni ile nyepesi ya jedwali, maana kama daktari wao ameandika paundi 20 na kusimama saa sita, basi hata tungefuta 1977 leo tukaandika 1972, jibu lingebaki lile lile. Ungekuwa umefukua jambo zito la uhamiaji na cheki isije. Kuna mama mmoja, Carmen Campbell, mzaliwa wa Panama, alikuwa anasafisha vyumba hotelini, mgongo na presha vikamtoa kazini, kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1983. Alikuwa ameshapita 50. Akashindwa, kwa sababu walimuona bado anaweza kazi nyepesi, na mahakama ikasema serikali ina haki kutumia jedwali lake. Nakutajia huyu mama kwa sababu naona kama unaweka matumaini yote kwenye mwaka wa kuzaliwa, wakati karatasi yenye nguvu zaidi kwenye faili lako sasa hivi inaweza kuwa ile ya daktari wako ya paundi 10.

Na hapo kuna kazi ya kufanya. Daktari wako ameandika wapi? Kwa ufupi kwenye kadi ya kiwanda au kwa kirefu, na sababu zake, na picha za mgongo, na anasema muda gani unaweza kukaa? Umeandika kwamba dakika ishirini unainuka. Je, daktari anajua hilo, ama akikuuliza "unaendeleaje" unajibu "nashukuru Mungu" kama tunavyojibu wote? Nimetafsiri hiyo nashukuru Mungu mara nyingi sana kaka, na nimeona ikiandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mwambie ganzi, mwambie usiku, mwambie bega halifiki kabatini. Mwambie na moyo pia. Mtu aliyeshika kisu miaka tisa, leo anazunguka sebuleni, kama usingizi umepotea na hamu ya kuongea na watu imekwisha basi hilo nalo ni ugonjwa na linahesabika, sio aibu. Useme lililopo tu, usiongeze.

Kuhusu kufundisha kambini shemeji amekutisha bure. Tangu Juni 2024 wanaangalia kazi za miaka 5 ya mwisho tu, zamani ilikuwa 15. Darasa lako la Nyarugusu limeshatoka kwenye hesabu. Na hata Kiingereza, watu watakwambia kutojua Kiingereza kunasaidia, ilikuwa hivyo zamani kidogo, 2020 wakaondoa. Sasa asiyejua kusoma ni yule asiyeweza kusoma wala kuandika ujumbe mfupi kwa lugha yoyote, na wewe umeniandikia barua ndefu yenye kueleweka kwa Kiswahili, kwa hiyo hapo usijaribu kujificha.

Tuangalie njia ya kukaa na 1977. Januari mosi 2027 kwa makaratasi unafika 50. Kumpata jaji na uamuzi wake huwa kunachukua miezi, mara nyingi mingi, kwa hiyo inawezekana kabisa siku jaji anaandika uamuzi wake uwe umeshavuka, na rufaa ikiwa hai ukivuka siku ya kuzaliwa wanakuhesabu kwenye kundi jipya kuanzia siku ile. Na hata ukibakiza miezi michache, kanuni yao inasema wasitumie umri kama mashine, wafikirie kama inafaa wakupeleke kundi la mbele. Hakuna ahadi hapo lakini loya mzuri huliomba hilo. Na krediti zako, yaani ile miaka ya kukatwa kodi inayokupa haki ya SSDI, umeacha kazi 2023 baada ya miaka tisa, kwa kawaida ulinzi wa SSDI unaendelea kama miaka mitano baada ya kuacha, kwa hiyo hazijaisha ila zinakwenda, ndo sababu nyingine ya kutolala.

Gharama ya njia hii ni malimbikizo. Jaji akikukubali kuanzia 50 ya makaratasi, ile miaka ya nyuma tangu uache kazi inaweza isilipwe, karibu miaka mitatu, wakati ungehesabiwa na umri wako wa kweli ulikuwa umeshafika 50 siku unaacha kisu. Juu ya hapo kuna miezi mitano ya kusubiri kabla cheki ya kwanza haijaanza kuhesabiwa, na bima ya afya ya serikali, Medicare, inakuja miezi 24 baada ya hapo. Na mbele zaidi, pensheni kamili kwenu mliozaliwa 1960 na kuendelea ni miaka 67. Kwa 1977 ni 2044. Kwa 1972 ni 2039. Miaka hiyo ni mingi kwa mgongo kama wako, na kama paundi zitabaki 20 basi na ile 55 inasogea, kwa mama yako ni mwezi wa kumi na moja 2027, kwa karani ni 2032.

Sasa njia ya kusema ukweli. Hapa nataka nikuulize kwa upole, unasema uliapa uongo. Nani alidanganya? Baba mdogo hakujua, karani alikisia, na wewe baadae ukaambiwa usiguse ukaogopa. Sikwambii kwamba uhamiaji wataliona hivyo hivyo, sijui watakavyoliona na yeyote atakayekwambia anajua usimuamini. Kusema tarehe uliyojua sio sahihi mbele ya ofisa ni jambo ambalo wanaweza kuliuliza kwa ukali. Lakini nakuomba wewe mwenyewe ndani yako usijihukumu kama mtu aliyepanga kuiba.

Kwa upande wa Social Security, yaani ofisi inayotoa hiyo disabiliti, kanuni zao zinasema ushahidi bora wa umri ni cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa kabla hujafika miaka mitano, au kumbukumbu ya dini iliyoandikwa kabla ya miaka mitano. Daftari la ubatizo la 1973. Kaka, ulichonacho ndo hicho hicho wanachokiita bora. Sio picha ya simu tu, inatakiwa padri atoe nakala rasmi yenye muhuri na sahihi, na daftari lenyewe lilindwe, unajua hali ya kwetu, leo parokia ipo kesho imechomwa. Hata kama utaamua kutobadilisha kitu, hiyo nakala ifuate sasa.

Shida ni kwamba ofisi hizi zinaongea. Ukiwapa Social Security 1972 wakati grini kadi inasema 1977, swali litarudi kwenye uhamiaji. Na ukija kubadilisha umri siku ile ile ambayo umri unakulipa, mtu wa mezani atakuangalia kwa jicho lingine hata kama unasema kweli tupu. Uraia nao uko njiani. Kwenye fomu ya uraia utaulizwa tarehe ya kuzaliwa chini ya kiapo, na ukishapewa cheti chenye 1977 uliyoiapia wewe mwenyewe, kukirekebisha baadae ni kugumu mno, kanuni yao inasema wazi hawasahihishi tarehe ambayo mtu aliitoa mwenyewe kuwa ndo sahihi. Kwa hiyo kabla ya uraia ndo kipindi chenye nafasi, na hicho kipindi uko ndani yake. Unaona kwamba hata kama disabiliti isingekuwepo ungekutana na swali hili hili? Jiulize hilo ukiwa peke yako. Kama hela zisingekuwepo, ungetaka bado uandikwe 1972? Jibu lako litakusaidia pia siku ofisa akikuuliza kwa nini sasa.

Usiingie humo bila loya wa uhamiaji, au yule mtu wa shirika la wakimbizi mwenye kibali cha Wizara ya Sheria cha kusimamia kesi za uhamiaji, hao bei yao huwa ndogo na wengine hawalipishi. Na loya wa disabiliti ni mwingine, yeye halipwi mpaka ushinde, anachukua asilimia 25 ya malimbikizo na kuna kikomo cha juu kilichowekwa na serikali. Hao wawili waongee kabla hata karatasi moja haijatoka. Loya wa disabiliti anaweza kukusukuma ulete 1972 kwa sababu inasaidia kesi yake, na wa uhamiaji akakwambia tulia, na wewe ukabaki katikati, kwa hiyo wakutanishe hata kwa simu.

Yule jamaa wa dola 800 sitakuzungushia maneno. Una ukweli ulioandikwa kwa wino tangu ukiwa mtoto mchanga, ukiuweka mezani pamoja na karatasi ya kununua, ile karatasi itauua ukweli wako wote. "Tarehe yoyote unayotaka" amesema, lakini wewe hutaki tarehe yoyote, unataka moja.

Nirudi kwa mama watoto. "Unataka kuzeeka haraka ili ulipwe." Limeuma na lina haki ya kuuma. Lakini mtu anayerudi saa kumi na mbili asubuhi amebeba nyumba nzima mgongoni, akisikia neno kubadilisha makaratasi anaona basi la kurudi Nyarugusu. Naona kama anaongea kwa hofu zaidi ya dharau. Je, amewahi kuiona ile picha ya daftari? Amekuona ulivyolia, au ulilia bafuni? Mpeleke kwa huyo loya wa uhamiaji mkae wote, mkalimani awepo ambaye sio binti yenu, maana huyo mtoto kasoma barua mbili za kumkataa baba yake tayari, mpumzisheni.

Na akisema bado hataki, hilo nalo lina uzito. Ni ndoa yake na watoto wake pia. Kuna wanaume nimewaona walioamua kubaki na umri wa kambi na wakaishi nao kwa amani, na kuna walioamua kuurudisha umri wao wakapita miaka ya barua na mahojiano, na wote niliwaelewa.

Mwisho mama yako. Yuko kambini, ana umri wake, na ni yeye tu aliyebaki anayejua mimba yako ilikuwa na miezi mingapi wakimbizi wa Burundi walipoingia. Omba mtu wa kule unayemuamini amrekodi anavyoeleza, taratibu, mvua, mwezi, nani alimzalisha, nani alikubeba kwenda kubatizwa, halafu yaandikwe na aweke dole gumba mbele ya kiongozi wa zoni. Hata kama halitafika mezani kwa jaji, watoto wako watano watakuwa nalo. Fanya hivyo wiki hii hii ambayo fomu ya rufaa inakwenda posta, na ukishapata ule ukurasa wa faili unaosema paundi ngapi wamekuandikia, niandikie tena, hata usiku.